Mieleka Itafutiwe Mchanga Nairobi

Mwezi wa Oktoba 2024, wakuu wa Michezo ya Jumuiya ya Madola walipoitangaza orodha ya michezo itakayoshindaniwa Glasgow katika mwaka 2026, orodha yenyewe ilikuwa fupi mno, michezo 10 tu, na mieleka, ambayo ilikuwa miongoni mwa michezo ya mwanzo kabisa jumuiya hiyo ilipokutana kwa mara ya kwanza mjini Hamilton, Kanada, katika mwaka 1930, haikuwamo. Sababu ilikuwa gharama. Jimbo la Victoria huko Australia, lililokuwa limekubali kuwa mwenyeji, lilijitoa mwezi wa Julai 2023 kwa kuhofia matumizi yaliyokuwa yakipanda, na mji wa Glasgow ukaipokea amana hiyo kwa sharti la kuipunguza ipate kubebeka. Katika kupunguza huko ndondi ilisalia, judo ilisalia, kuinua vyuma kukasalia, mieleka ikafutwa. Na wala haikuwa mara yake ya kwanza kufutwa, kwani Auckland 1990, Kuala Lumpur 1998 na Melbourne 2006 michezo ilifanyika bila ya wanamieleka.

Hapa Nairobi habari hii ilipita pasi na kishindo, na huo ukimya wake ndio ulionitia hamu ya kuandika. Taifa lililoupoteza mchezo linaoupenda lingelalamika, lingeandika barua, lingewauliza viongozi wake wa michezo maswali. Sisi hatukuuliza lolote kwa sababu, kwa hakika, hatukuwa na cha kupoteza. Tumeizoea mieleka kama kitu cha kutiwa katika sanduku la msafara kila baada ya miaka minne, kikapelekwa ugenini na vijana wachache waliojitahidi kwa nguvu zao wenyewe, kisha kikarejeshwa na kufungiwa hadi msafara mwingine. Na mchezo wa namna hiyo, siku ratiba ya wakubwa ikiufuta, huwa umefutika kwetu kabisa. Rai yangu ni kwamba mieleka haihitaji kungoja msafara, wala haihitaji mali nyingi. Yahitaji mchanga, yahitaji mwalimu, na yahitaji mahali pa halali ambapo mtoto wa Kawangware au wa Kangemi anaweza kwenda jioni bila kufukuzwa.

Mtu asidhani kwamba hatari hii ya kufutwa huwapata wanyonge peke yao. Tarehe 12 Februari 2013, halmashauri kuu ya Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, ilipokutana Lausanne, ilipendekeza mieleka iondolewe katika michezo ya msingi ya Olimpiki kuanzia mwaka 2020, mieleka ile ile iliyokuwamo Athens katika mwaka 1896 na ambayo Wayunani wa kale waliishindania karne nyingi kabla ya hapo. Fadhaa iliyowapata wenyewe ilikuwa kubwa, na kutokana nayo likazuka jambo la ajabu, kwamba mwezi wa Mei mwaka ule wanamieleka wa Marekani, wa Irani na wa Urusi, ambao serikali zao zilikuwa hazitazamani kwa jicho jema, walikutana katika kituo cha reli cha Grand Central mjini New York wakapigana mieleka mbele ya umma ili kuonyesha kwamba mchezo huu ni wao wote. Shirikisho lao likambadili rais wake, likazirahisisha kanuni zilizokuwa zikiwachosha watazamaji, likawaongezea wanawake madaraja ya uzito kutoka 4 hadi 6. Na tarehe 8 Septemba 2013, mjini Buenos Aires, mieleka ikarudishwa kwa kura 49, dhidi ya 24 za besiboli na softiboli, na 22 za skwoshi. Ilirudi kwa kuwa ilikuwa na watu nyuma yake. Irani ina vijiji vizima vinavyoishi kwa mieleka. Uturuki, Urusi, Georgia na India hali kadhalika. Na mkuu wa michezo mwenye busara hujua ni mlango wa nani anaoufunga.

Je, sisi tuna nini nyuma yetu? Tuna mengi kuliko tunavyokiri. Katika makaburi ya Beni Hasan, kandokando ya mto Nili nchini Misri, ukuta mmoja wa kaburi la liwali aitwaye Baqet umechorwa zaidi ya jozi 200 za wanamieleka, mmoja rangi ya giza na mwenzake rangi ya nuru ili mtazamaji asichanganye viungo vyao, na mitindo ya kukamata, kunyanyua na kubwaga iliyochorwa pale miaka takriban 4,000 iliyopita mwalimu wa leo aweza kuifundisha bila ya kuibadili. Katika hekalu la Ramses wa Tatu mjini Medinet Habu wamechongwa Wanubi wakishikana na Wamisri mbele ya hadhira ya kifalme. Wanuba wa Kordofani hawajauacha mchezo huo hata katika miaka ya vita. Wamundari na Wadinka wa Sudan Kusini huuchezea Juba mbele ya maelfu. Waganda wanao ekigwo. Waluo wanao olengo. Na katika nchi ya Waluhya hakuna mzee aliyelelewa shambani asiyeweza kusimulia jinsi wavulana walivyokuwa wakipimana nguvu machungani wakati ng'ombe wakila majani. Dini zetu nazo zinaijua. Wasomaji wa Agano la Kale wanamkumbuka Yakobo aliyeshindana usiku kucha hadi alfajiri kwenye kivuko cha Yaboki; na Waislamu wanasoma katika masimulizi ya wapokezi wa hadithi habari za Rukana bin Abdi Yazid, aliyesifika kwa nguvu miongoni mwa Makureshi, jinsi alivyopambana na Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, naye Rukana akaangushwa. Jambo linalonisikitisha ni kwamba watoto wetu wa shule za sekondari humjua zaidi Okonkwo wa riwaya ya Chinua Achebe, aliyembwaga Amalinze ambaye hakupata kushindwa kwa miaka saba, kuliko wanavyomjua hodari yeyote wa mieleka aliyezaliwa mkoa mmoja na babu zao.

Nairobi imewahi kuipokea Afrika nzima. Mwezi wa Agosti 1987 Michezo ya Afrika Yote, ya nne tangu ile ya Brazzaville ya mwaka 1965, ilifanyika hapa, na kwa ajili yake kikajengwa kituo cha Kasarani kwa msaada wa China. Wenye umri wangu wanaikumbuka fainali ya kandanda tuliyofungwa bao moja bila na Misri, na majonzi yaliyoukumba mji mzima usiku ule. Mwaka uliofuata, Seoul, Robert Wangila akamwangusha Mfaransa katika fainali ya ndondi ya uzito wa welter akaleta dhahabu, na Chris Sande akaleta shaba. Naitaja ndondi kwa makusudi. Medali zote ambazo Kenya imezipata katika Olimpiki, tangu ya kwanza hadi za Paris 2024, zimetoka katika riadha na katika ndondi, na ukitafuta asili ya ndondi hiyo hutaikuta katika ofisi yoyote ya katikati ya mji. Utaikuta katika kumbi za jamii za upande wa mashariki, Pumwani na Muthurwa, ambako kijana aliingia bila ya kiingilio, akakuta mfuko wa kupiga umening'inia, akamkuta mzee wa kumwambia anyanyue mikono. Kumbi zilipochakaa na wazee wale walipoondoka, ndondi nayo ikapungua. Wakimbiaji wanazo njia za mlimani na mwinuko wa nchi, neema ambayo haikujengwa na baraza lolote. Mabondia walipewa nyumba na mji. Mieleka haikupewa njia wala nyumba.

Mahali pa kuianzishia nyumba hiyo, kwa maoni yangu, ni upande wa magharibi wa mji, na nitaeleza sababu. Anayepita Kawangware, Gatina, Kangemi au Waruku saa za alasiri, watoto wanapotoka shuleni, hawezi kukosa kuona, mbele ya jengo lolote linaloendelea kujengwa, lundo la mchanga lililoshushwa na lori, na juu ya lundo hilo wavulana na wasichana wawili wawili wakikamatana viuno, wakipigana ngwara, wakiangushana, wakiinuka na kucheka, hata mlinzi wa jengo atokee na fimbo. Watoto hao wamejichagulia mchanga kwa sababu hauumizi. Hakuna aliyewafundisha, hakuna aliyewaita, wala hakuna mwenye kujua ni wangapi kati yao wangefika mbali. Na kila majengo ya ghorofa yanapozidi kupanda Kilimani, Lavington na Kileleshwa, viwanja vya wazi vinazidi kupungua, ikawa lundo la mchanga wa tajiri mjenzi ndio uwanja wa pekee waliobakia nao.

Sasa, kwa bahati njema, ulimwengu wa mieleka umekuja wenyewe kwenye mchanga. Michezo ya Olimpiki ya Vijana, ambayo imepangwa kufanyika Dakar, Senegal, kuanzia 31 Oktoba hadi 13 Novemba 2026, na ambayo ni michezo ya kwanza ya Olimpiki kukabidhiwa ardhi ya Afrika, imeitia katika ratiba yake mieleka ya ufukweni badala ya ile ya mkekani. Kanuni zake mtoto huzifahamu kwa kuambiwa mara moja. Duara lina kipenyo cha mita 7. Pambano ni la dakika 3. Wapiganaji husimama kwa miguu mitupu. Anayemsukuma mwenziwe nje ya duara au kumwangusha hupata alama, anayembwaga kwa mgongo hupata zaidi, na wa kwanza kufikisha alama 3 ndiye mshindi. Hakuna kulaliana chini kwa muda mrefu kama katika mieleka ya mkekani, ambayo ina vipindi viwili vya dakika tatu tatu na hesabu za alama zinazomchosha mgeni. Mtu wa Juba, mtu wa Kampala, mtu wa Dakar akiuona mchezo huu hahitaji mkalimani, maana ndio alioukuta kwa babu yake. Wasenegali wameutukuza mchezo wao wa asili kiasi cha kuujengea uwanja wa taifa katika kitongoji cha Pikine, uliofunguliwa mwaka 2018, wenye nafasi ya watazamaji 20,000 hivi. Na katika Michezo ya Nchi Zinazozungumza Kifaransa iliyofanyika Kinshasa mwaka 2023, mieleka ya Kiafrika ilishindaniwa sambamba na mieleka huru ya Olimpiki, kila mmoja na medali zake. Ndugu zetu wa Magharibi na wa Kongo hawakuona haya kuileta meza ya nyumbani mbele ya wageni.

Mieleka ya mkekani huzuiwa na bei ya mkeka. Mkeka maalumu wa sponji, wenye duara la mita 9 la kupigania na ukingo wa kumlinda anayeangukia nje, huagizwa kutoka ng'ambo, hulipiwa ushuru, huhitaji ukumbi wenye paa na kufuli, na ukishachanika haushoneki kwa fundi wa Gikomba. Haya ni kweli, na sitaki kuyapuuza, kwa kuwa kijana atakayetaka kufika Olimpiki ya wakubwa hatimaye sharti aujue mkeka. Lakini duara la mita 7 likichimbiwa kina cha sentimita 30 hesabu ya shule ya msingi inatuambia kwamba halimezi mchanga uzidio mita za ujazo 12, bila kuhesabu ukingo wa nje. Kiasi ambacho mjenzi mmoja wa ghorofa hukishusha asubuhi moja kabla ya chai. Na pasipo na mchanga pana vumbi la mbao. Mafundi seremala wa barabara ya Ngong, wanaopanga vitanda na makabati yao kando ya njia kwa kilomita nzima, hulizoa vumbi hilo kwa magunia kila jioni na mara nyingi hulichoma moto. Likijazwa ndani ya shimo, likashindiliwa, likafunikwa turubai iliyovutwa na kukazwa vizuri, ndio mkeka waliojifunzia wanamieleka wengi wa Ulaya na Marekani kabla ya sponji kuvumbuliwa. Huko Mukono, Uganda, vijana waliotaka kuiga mieleka ya televisheni walijizungushia mianzi juu ya matope wakapata ulingo unaotazamwa leo na watu wa pembe zote za dunia. Ile ni tamasha na wala si mashindano, lakini imewafunza majirani zetu kwamba uhaba wa fedha haukuwa udhuru wa kutosha.

Nina tahadhari moja kuhusu mchanga wenyewe. Nairobi imekula mito ya Machakos na Makueni kwa miaka mingi, hata kaunti ya Makueni ikalazimika katika mwaka 2015 kutunga sheria ya kuulinda mchanga wake, maana mto ukishanyang'anywa mchanga hukauka upesi na kisima cha mwanakijiji hukauka nao. Sitaki siha ya watoto wa Kangemi ilipwe na kiu ya watoto wa Makueni. Viwanja vichache vya mieleka havitaumaliza mto, lakini uadilifu wataka mchanga huo ununuliwe kwa wenye kibali, na palipo na vumbi la mbao litumike kwanza.

Fikiria pia yanayojengwa sasa. Karibu na viwanja vya maonyesho vya Jamhuri, kando ya barabara ya Ngong, umeinuliwa uwanja wa Talanta wenye viti 60,000, kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 ambalo Kenya, Uganda na Tanzania zimekabidhiwa kwa pamoja, na fedha zake, zaidi ya shilingi bilioni 44, zimetafutwa kwa hati za mkopo katika soko la hisa. Sina kinyongo na uwanja huo. Mji huu umeuhitaji. Lakini kutoka lango lake hadi Kawangware ni mwendo wa mtoto kwa miguu, na ningependa kuwasikia walio na madaraka wakituambia, kabla ya seng'enge kuzungushwa na maegesho ya magari kugawanywa, ni pembe ipi ya ardhi hiyo itakayokuwa ya jirani asiye na tikiti. Mashimo mawili ya mchanga yenye kivuli na bomba la maji hayatapunguza kiti hata kimoja. Kiwanja kinachofunguliwa siku za wageni tu huwafundisha watoto wa jirani kwamba michezo ni mali ya watu wanaokuja na magari, na somo hilo wakilijifunza wakiwa na miaka minane hatuwatoi tena katika dhana hiyo.

Wako watakaonipinga kwa hoja nzito kuliko ya fedha. Mama mmoja niliyezungumza naye habari hizi aliniambia, kwa upole lakini kwa kukaza, kwamba mtaa wake una vijana wa kutosha wanaojua kumkaba mtu, na hakutaka wengine wafunzwe. Siichukulii hofu hiyo kuwa upuuzi, maana anayeishi Kawangware na kurudi kutoka kazini baada ya jua kuchwa anayajua anayoyasema. Hata hivyo, mieleka ya kanuni imeharamisha jambo hilo hasa: kukaba koo ni mwiko, kupiga ngumi ni mwiko, kukunja kidole ni mwiko, na anayemnyanyua mwenziwe hewani ana wajibu wa kumshusha kwa namna isiyomvunja, la sivyo hukatwa alama au hutolewa. Kabla ya kushikana husalimiana kwa mkono. Baada ya kuachana husalimiana kwa mkono, na mwamuzi huwasimamisha wote wawili ubavuni pake ndipo aunyanyue mkono wa mshindi. Mvulana mwenye hasira aliyebwagwa mara ishirini mbele ya wenziwe na mvulana mdogo kuliko yeye, kisha akafundishwa jinsi ya kusimama tena bila ya kutukana, amepata malezi ambayo wazazi wengi wa mji huu hawana nafasi ya kuyatoa kwa kuwa wanatoka nyumbani kabla ya alfajiri. Hatari ya kweli iko shingoni, na dawa yake ni mwalimu aliyefundishwa. Pasipo mwalimu huyo sitaki hata shimo moja lichimbwe.

Hoja nyingine ni ya wasichana, na katika hii sitalegea. Wanawake waliingia katika mieleka ya Olimpiki mjini Athens mwaka 2004 tu, zaidi ya miaka 100 baada ya wanaume, na mataifa mengi ya Afrika yalilipokea jambo hilo kwa mashaka. Wanigeria walilipokea kwa kazi. Tokyo, katika Olimpiki iliyofanyika 2021, Blessing Oborududu alichukua fedha katika uzito wa kilo 68, medali ya kwanza ya Olimpiki ambayo Nigeria iliipata katika mieleka. Na Birmingham 2022, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwisho kuwa na mieleka kabla ya hii ya Glasgow, dhahabu zote 12 zilikwenda kwa mataifa matatu pekee: India 6, Kanada 3, na Nigeria 3, na dhahabu hizo za Nigeria zilivaliwa na wanawake, Miesinnei Genesis, Odunayo Adekuoroye na huyo huyo Oborududu. Bara zima la Afrika lilitetewa na wanawake watatu. Msichana wa Riruta anayembwaga kaka yake juu ya lundo la mchanga hajui kwamba kuna mahali duniani ambapo jambo hilo huimbiwa wimbo wa taifa, na ni haki yake aambiwe. Mavazi yasiwe kizuizi: katika viwanja vyetu wenyewe hakuna anayetukataza kuruhusu suruali, fulana ya mikono mirefu na kitambaa cha kichwa kilichofungwa vizuri, na mzazi wa Kiislamu au wa Kikristo anayetaka binti yake ajistiri aheshimiwe bila ya mabishano.

Nimetaja Nigeria, na siwezi kuiacha kabla ya kumkumbuka Daniel Igali, maana kisa chake chatuhusu. Alizaliwa katika jimbo la Bayelsa, katika nchi ya mito na vijiji vya wavuvi, akaanza mieleka akiwa mtoto. Katika mwaka 1994 alikwenda mjini Victoria, Kanada, akiwa nahodha wa wanamieleka wa Nigeria katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, na michezo ilipokwisha hakurudi, kwa kuwa nyumbani kulikuwa na utawala wa kijeshi na machafuko. Miaka 6 baadaye, Sydney 2000, alishinda dhahabu katika uzito wa kilo 69 akiwa raia wa Kanada, akaitandika bendera ya nchi iliyompokea, akapiga magoti na kuibusu. Baadaye aliwajengea shule watu wa kijiji chake cha Eniwari, akarudi kuiongoza mieleka ya Nigeria, na ushindi wa wale wanawake niliowataja una alama za mikono yake. Ninachokiona mimi katika habari hiyo ni kwamba kipaji kilitoka kwenye kijiji cha Afrika kikiwa kimekamilika nusu, na nusu iliyobaki, yaani mkeka, mwalimu, chakula na utulivu, ikapatikana ugenini. Sisi wa Nairobi tumewapoteza wakimbiaji wengi kwa njia hiyo hiyo, wakaenda kuvaa fulana za Ghuba na za Ulaya. Mwanamieleka hatujampoteza kwa sababu hatujampata.

Basi kazi yenyewe ianzie shuleni. Mashindano ya shule zetu yamejaa kandanda, voliboli, netiboli, mpira wa mikono, raga na riadha, na mwalimu wa michezo tayari amelemewa. Lakini mieleka ya mchanga ina fadhila ya kutohitaji timu ya watu kumi na mmoja wala basi la kuwasafirisha. Shule 4 za Dagoretti na Westlands zinazopakana, kila moja na duara lake, zinaweza kupambana kila Jumamosi asubuhi kwa kutembea tu. Walimu wa judo na wa kabadi wapo Nairobi, na timu ya kabadi ya Kenya ilikwisha kucheza Kombe la Dunia huko Ahmedabad mwaka 2016; mshiko wa kiuno na mshiko wa kifundo cha mguu wanaujua, na mafunzo ya wiki chache yangewageuza kuwa walimu wa kwanza hadi watakapopatikana wenye vyeti kamili. Shirikisho la dunia la mieleka huendesha kozi za walimu na waamuzi kwa nchi zinazoomba. Serikali kuu nayo inao Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, ulioanzishwa kwa kodi za michezo ya kubahatisha ambayo vijana hawa hawa huipotezea shilingi zao katika vibanda vya Kawangware. Sehemu ndogo ya fedha hizo ikirudi mtaani kwa sura ya mchanga, itakuwa imerudi kwa mwenyewe.

Lakini wa kwanza kuulizwa ni Kaunti ya Nairobi. Makadirio ya matumizi ya kaunti hufikishwa bungeni kwake kabla ya mwisho wa Aprili kila mwaka, na sheria yataka wananchi wasikizwe. Vikao hivyo hutangazwa magazetini, hufanyika katika kumbi za wadi na za maeneo bunge, na aghalabu viti vya nyuma huwa vitupu. Wakazi wa Kawangware, Gatina, Kabiro, Kangemi, Riruta na Waithaka waende, wachukue na walimu wao, wawaombe wawakilishi wa wadi mambo matatu yanayoweza kuandikwa katika mstari mmoja wa bajeti: duara moja la mchanga katika kila wadi, kwenye ardhi ya umma yenye hati, mwalimu mmoja aliyefundishwa kuzilinda shingo za watoto, na mtu wa kuutunza mchanga, wa kuuchekecha kila asubuhi ili kusibaki kigae wala kipande cha chupa, wa kuufunika usiku paka na mbwa wasiuchafue, na wa kuufunua jua likitoka baada ya mvua za Aprili. Na mtunzaji huyo alipwe mshahara wa kila mwezi, kama wanavyolipwa watunza bustani wa Jeevanjee na wa Uhuru Park, wala asiachiwe posho ya siku ambayo mheshimiwa amekuja kupigwa picha.